Kabla Hujanunua Giaboksi Nyingine
Mazungumzo na wenye magari ya gia otomatiki, Mombasa



Miongoni mwa malalamiko yaliyowahi kufika mezani kwetu lipo moja ambalo mwenyewe amenipa ruhusa ya kulisimulia, mradi nisitaje jina lake wala la gereji. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye gari dogo la Kijapani la gia otomatiki, lililoingia nchini kwa bandari hii yetu likiwa limekwisha kutumika huko lilikotoka. Jioni moja, akirudi nyumbani katika mvua, gari lilipiga kishindo, taa ya injini ikawaka, na tangu hapo halikukubali kubadilisha gia. Likiondoka, liliondoka kwa uzito kana kwamba limefungwa jiwe. Likishika kasi, injini ilinguruma pasipo kupata nafuu. Asubuhi ya pili likawa zima. Jioni likarudia.

Akalipeleka gereji. Fundi akaliendesha hadi mwisho wa barabara na kurudi, akashuka, akasema, "Mwalimu, giaboksi hii imekwisha. Tutafute nyingine." Mwalimu alilipa shilingi 65,000 za giaboksi iliyotumika na shilingi 12,000 za kazi. Siku mbili gari lilikwenda vizuri. Jioni ya siku ya tatu likapiga kishindo kile kile, taa ikawaka, gia zikagoma. Akaambiwa kwamba kwa bahati mbaya giaboksi ya pili nayo ilikuwa mbovu, na kwamba itafutwe ya tatu.

Hitilafu ilikuja kuonekana kwa fundi wa umeme, mtu mwingine kabisa. Chini ya sinia la betri, waya mnene wa ethi, ule unaounganisha mwili wa gari na ncha hasi ya betri, ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani hata zikabaki nyuzi chache. Kufunga waya mpya na kukwangua chuma mahali pa kufungia kulimgharimu mwalimu shilingi 1,500.

Labda mtauliza: yawezekanaje waya wa betri ukaifanya giaboksi ionekane imekufa? Jibu liko katika namna mtambo huu unavyofanya kazi, nami nitalieleza kwa ufupi kwa kuwa bila hilo mengine hayataeleweka.

Giaboksi ya otomatiki ni mtambo wa mafuta unaotawaliwa na umeme. Mafuta yenye shinikizo ndiyo yanayobana sahani za klachi zilizo ndani na hivyo kuchagua gia. Vali ndogo ndizo zinazoamua mafuta hayo yaende upande gani. Nazo husukumwa na solenoidi, yaani koili za waya zinazogeuka sumaku umeme unapopita. Anayeamuru solenoidi ni kompyuta. Nayo kompyuta haina macho. Hutegemea vihisi, ambavyo mafundi wetu huviita sensa. Kimoja huhesabu kasi inayoingia katika giaboksi, kingine kasi inayotoka, kingine hupima joto la mafuta, na swichi moja hueleza mkono wa gia umewekwa wapi.

Kompyuta isipoamini habari inazopata, au ikiona kwamba saketi ya solenoidi imekatika, haiendelei kubahatisha. Katika magari mengi hukata umeme wa solenoidi zote na kuiacha giaboksi katika gia moja tu, mara nyingi gia ya 3, ili dereva ajikokote hadi nyumbani au gereji. Katika giaboksi ya Mercedes-Benz ijulikanayo kwa namba 722.6, gia hiyo ni ya 2. Magari ya mkanda na puli, yaitwayo CVT, hayana gia za kuhesabika, lakini nayo hupunguza nguvu yanapotilia shaka. Huku ni kujilinda. Na hapa ndipo penye mtego, kwa sababu gari linalojilinda na gari lililoharibika hufanana sana machoni pa mtu anayeliendesha hadi mwisho wa barabara na kurudi.

Uchunguzi ulio wa haki huanza na mambo rahisi. La kwanza ni mafuta, ijapokuwa hayo si umeme. Mafuta yakipungua, gia huteleza na kuchelewa hata kama kila waya ni mzima. Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa imepata moto na inanguruma, mkono wa gia ukiwa kwenye P; Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya kuizima injini iliyokwisha kupata moto. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Mafuta yakiwa meusi, yananuka kuungua na yana chembe za chuma, basi sina la kumtetea mwenye gari: huenda giaboksi imekwisha kwelikweli. Lakini mwulizeni fundi awaonyeshe hayo mafuta juu ya kitambaa cheupe. Mwalimu wetu hakuonyeshwa kitu.

La pili ni betri na alteneta. Betri nzima, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Washeni taa kubwa, kipoza hewa na waipa, kisha mtazame tena. Namba ikiporomoka chini ya 13 na kukaa huko, kompyuta ya gia inalishwa njaa, na kompyuta yenye njaa hutoa amri zisizoeleweka. Mita ya kupimia haihitaji utaalamu mkubwa, na kipimo chote huchukua dakika chache.

Kipimo kilichomwokoa mwalimu kinafanana na hicho. Injini inanguruma, taa na kipoza hewa vimewashwa. Waya mmoja wa mita hugusishwa ncha hasi ya betri, na wa pili chuma kitupu cha mwili wa gari. Kama njia ya ethi ni nzima, mita hukaribia sifuri. Ikipita volti 0.2, kuna kizuizi mahali. Kwa mwalimu ilisoma zaidi ya volti 1. Kisha kipimo hurudiwa kwenye chuma cha injini, kwa sababu injini ina waya wake wa ethi.

Sasa yakumbukeni maneno ya mwalimu mwenyewe: asubuhi zima, jioni bovu. Jioni ndipo alipowasha taa. Siku ya kwanza kulikuwa na mvua, kwa hiyo na waipa zilikuwa zikifanya kazi. Waya uliobaki nyuzi chache uliweza kubeba mzigo mdogo wa asubuhi na ukashindwa na mzigo wa jioni. Jibu lilikuwa ndani ya kisa chake tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyemwuliza tatizo huja saa ngapi. Kwa sababu hiyo nawashauri mwandike: gari lilikuwa na moto au baridi, mvua au kiangazi, taa zimewashwa au zimezimwa, limetoka kuoshwa au la. Karatasi hiyo mpeni fundi hata kama hakuiomba.

Na mbona gari lilipona siku mbili baada ya giaboksi kubadilishwa? Kwa sababu fundi alipokuwa akiifunga alitoa waya za betri, na alipozirudisha alizikaza na kuzisugua. Kumbukumbu ya hitilafu ilifutika, taa ikazimika, na waya mbovu ukapata nafuu ya muda. Giaboksi mpya haikuhusika.

Yapo matatizo mawili ya kila siku ambayo hutisha wengi na kumbe ni madogo, nami ningependa tuyakalie kidogo.

Moja ni mkono wa gia kukataa kutoka kwenye P. Mtu amewasha injini, amekanyaga breki, anavuta, hauendi. Katika magari mengi kufuli la mkono huo hufunguka tu gari likipata habari kwamba breki imekanyagwa, na habari hiyo hupita katika swichi ile ile inayowasha taa za breki. Basi mwiteni mtu asimame nyuma ya gari, mkanyage breki. Taa zote za breki zisipowaka, chanzo kiko kwenye fyuzi yake au kwenye swichi ndogo iliyo juu ya pedali, na vyote viwili ni vya bei ndogo. Kando ya mkono wa gia magari mengi yana kitufe au kitundu chenye kifuniko cha kufungulia kufuli kwa dharura: vutia breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, bonyeza, kisha uhamishe. Hata hivyo, gari lisilo na taa za breki halifai kuingia barabarani. Litolewe tu mahali lilipokwama.

Jingine ni gari kutowaka likiwa kwenye P na kuwaka likiwa kwenye N, au taa za rivasi kuwaka na kuzimika zenyewe. Hapo mshukiwa wa kwanza ni ile swichi inayoeleza mkono wa gia uko wapi. Katika magari mengi hukaa ubavuni mwa giaboksi, kwa nje. Maji ya barabarani huifikia, tope huifikia, na mpira wa maji yenye nguvu wa waosha magari huifikia kuliko vyote. Huweza kurekebishwa au kubadilishwa bila kuifungua giaboksi. Nimewahi kuona makadirio ya gharama yaliyoandikwa "kufungua na kusafisha giaboksi" kwa tatizo la aina hii. Mteja alikataa kutia saini, na alifanya vyema.

Nakuja kwenye mashine ya kusomea hitilafu. Kompyuta ya gari ikiona kasoro huandika msimbo, nao mafundi huuita kodi. Kwa jinsi unavyotutoa pesa, sioni kwamba wamekosea jina. Misimbo ya giaboksi kwa kawaida huanza kwa P07. Watu wengi huamini kwamba msimbo hutaja kipuri kibovu. Sivyo. Hutaja saketi au matokeo, na tofauti hiyo ina thamani ya makumi ya maelfu ya shilingi.

Chukueni P0700. Maana yake ni kwamba kompyuta ya gia ina neno la kusema, nenda ukaisikilize. Fundi akikuuzia giaboksi kwa sababu ya P0700 peke yake, amekuuzia kwa kusoma bahasha bila kufungua barua. P0753 husema kuna kasoro ya umeme katika saketi ya solenoidi ya kwanza: huenda ni solenoidi yenyewe, au waya uliokatika, au plagi iliyoingia maji, au mara chache kompyuta. P0715 huhusu saketi ya kihisi cha kasi inayoingia, na P0720 ile ya kasi inayotoka. P0562 husema umeme wa gari uko chini, na ikiandamana na misimbo mingine, inafaa ishughulikiwa kwanza. Lakini P0731 ni ya namna nyingine: husema gia ya 1 haitoi uwiano wa kasi unaotarajiwa. Hapo huenda klachi za ndani zinateleza, ingawa mafuta machache na kihisi kinachodanganya huweza kuleta msimbo huo huo.

Toyota za zamani kidogo zina njia nyingine. Taa ya O/D OFF ikimulika yenyewe, gari linaita. Fundi huunganisha vituo viwili maalumu kwenye kisanduku cha uchunguzi, na taa hiyo huhesabu namba kwa kumulika: 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, 42 na 61 ni vihisi vya kasi. Si kazi ya kujaribu nyumbani, maana kuunganisha vituo visivyo vyenyewe kunaweza kuunguza kitu. Nimeitaja ili msiambiwe kwamba gari la umri huo haliwezi kusomwa.

Kuna tabia moja ambayo naiona mbaya kuliko ujinga wowote wa ufundi: kufuta msimbo kabla ya kuuandika. Taa huzimika, mteja hufurahi, hulipa, na baada ya siku chache taa hurudi. Ombeni misimbo yote iandikwe kwenye karatasi, pamoja na tarehe na kilomita, kabla ya kitu chochote kufutwa. Vivyo hivyo mnapokwenda kununua gari katika yadi. Gari lililofutwa kumbukumbu asubuhi hiyo huonyesha kwenye mashine kwamba majaribio yake ya ndani hayajakamilika. Muuzaji akiwa na maelezo mazuri, na ayatoe. Asipokuwa nayo, ombeni muda wa kuliendesha hadi lipate moto, kwa sababu hitilafu nyingi za solenoidi hujitokeza wakati wa moto.

Baada ya msimbo huja kipimo. Solenoidi za kuwasha na kuzima katika Toyota nyingi husoma ukinzani wa omu 11 hadi 15 zikiwa na joto la digrii 20; zile za kurekebisha shinikizo husoma karibu omu 5. Koili ikipata moto ukinzani hupanda, na ile yenye ufa mdogo inaweza kupima vizuri ikiwa baridi na kukatika kabisa ikiwa moto. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake hakitoshi. Na kupima kwenye plagi ya kompyuta huhusisha waya wote pamoja na solenoidi, ilhali kupima kwenye plagi ya giaboksi huacha waya wa nje kando. Vipimo viwili vikitofautiana sana, ubovu uko njiani: pengine panya ametafuna, pengine mfunga alamu au redio amekata waya asioujua. Hili la alamu si dogo katika magari yaliyokwisha kupitia mikono mitatu minne.

Plagi yenyewe itazamwe. Maji ya mafuriko ya masika huacha kutu ya kijani kwenye pini. Mafuta nayo huweza kupanda ndani ya waya kama utambi wa kandili unavyovuta mafuta ya taa; katika ile giaboksi ya Mercedes-Benz niliyoitaja, mpira wa plagi ukizeeka, mafuta husafiri ndani ya waya hadi yakafika kwenye kompyuta. Mpira huo ni wa bei ya chini. Kompyuta si ya bei ya chini.

Nageukia upande wa mafundi, kwa sababu si haki kuwasema wao tu. Fundi akikaa saa mbili na mita akatafuta waya mmoja, sisi wateja mara nyingi hukataa kumlipa, tukisema hakufunga kitu. Akitufungia giaboksi, twalipa bila ubishi kwa sababu tumeona chuma kikiingia na chuma kikitoka. Kwa tabia hiyo tumewafundisha wenyewe kutuuzia chuma. Kubalianeni ada ya uchunguzi mapema, iandikwe, na ilipwe hata jibu likiwa ni fyuzi ya shilingi hamsini.

Kuhusu haki zenu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa watumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari zitakazowawezesha kunufaika nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari, na humo mnazungumziwa makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi kufanywa, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Tumieni haki hiyo ya mwisho. Mwalimu hakuomba giaboksi yake ya kwanza. Alipoifuata, aliambiwa imekwisha kuuzwa. Giaboksi iliyosemwa imekufa ilikuwa imepata mnunuzi, na hatujui iko ndani ya gari la nani.

Kama mtalazimika kuja kwetu na lalamiko la namna hii, njooni na makadirio yaliyoandikwa, risiti zote, karatasi ya misimbo kama ilivyosomwa kabla ya kazi na baada yake, na kipuri kilichotolewa au barua ya gereji inayoeleza kiko wapi. Msilifanyie gari kazi nyingine katikati ya shauri. Likikwama, piga picha ya dashibodi taa ikiwa inawaka, na picha ya namba ya giaboksi iliyofungwa. Mwalimu alikuwa na risiti mbili na picha moja aliyoipiga kwa simu gerejini, akidhani haitamfaa. Ndani ya picha ile, nyuma ya giaboksi iliyokuwa ikishushwa, waya ule wa kijani unaonekana waziwazi. Gereji ilimrudishia shilingi 12,000 za kazi. Za giaboksi bado tunazifuatilia.